Mkono na Kopo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii niliifahamu tangu nikiwa mtoto, na baadaye nikawaandikia wanafunzi wangu ubaoni mara nyingi, maana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 32. Lakini kuifahamu methali ni jambo moja na kuishi nayo ni jambo jingine. Mwaka 2018, binti yangu wa kwanza alipoolewa, niliyasahau yote niliyowafundisha watoto wa watu. Nilitoka kwenda kutafuta jembe, nikamwacha mkulima nyumbani. Na mkulima mwenyewe, ndugu msomaji, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Mdogo wangu anaishi Tandika, si mbali na soko. Chumba cha mbele cha nyumba yake amekigeuza saluni: viti viwili vya plastiki, kioo kirefu chenye ufa pembeni, feni ya kusimama, na meza iliyotandikwa kanga. Siku za kazi husuka nywele, na mwisho wa juma hupamba maharusi. Kazi hii hakuisomea chuoni. Aliianza kwa bibi yetu mzaa mama, kule Mtoni, ambaye alikuwa kungwi na aliwasinga maharusi wengi wa mitaa ile. Bibi hakuwa na vitu vingi. Alikuwa na liwa, dalia, hina, wanja, na chetezo cha udi. Mdogo wangu, akiwa na umri wa miaka tisa, kazi yake ilikuwa kusaga liwa juu ya jiwe na kumshikia bibi taa ya chemli. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kuutazama uso wa mtu. Aliyeshika taa huona kila kitu.

Mimi niliolewa mwaka 1986. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka hali ya maduka yetu ilivyokuwa. Serikali ilikuwa imeanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje mwaka 1984, na vitu vilikuwa vinarudi madukani kidogo kidogo, lakini vipodozi bado vilikuwa anasa kwa mtu wa mshahara wa ualimu. Siku ya harusi yangu palikuwa na kopo moja la poda, kalamu ya wanja, na kijiti kimoja cha rangi ya mdomo ambacho jirani yetu aliletewa na mumewe, baharia. Kijiti kile kilipaka midomo yangu, kisha kikapaka mashavu. Mdogo wangu, wakati huo ana miaka 14, ndiye aliyeusambaza ule wekundu mashavuni kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka isijulikane rangi imeanzia wapi. Picha ya siku hiyo ninayo ukutani mpaka leo. Kila anayeiona husema, "Mwalimu, hapa ulikuwa mwenyewe hasa."

Sasa nikuulize, msomaji: mwanamke mwenye picha ya namna hiyo ukutani kwake, aliwezaje kusahau?

Nitakueleza, ingawa aibu ni yangu. Binti yangu aliposwa na familia yenye uwezo, watu wa Moshi wenye makazi yao huku Dar es Salaam, upande wa Kinondoni. Mimi ni mjane wa Chang'ombe. Baba yake binti alifariki mwaka 2011. Kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwangu kila Jumapili jioni, watu na madaftari yao, michango ikisomwa kwa majina. Siku tulipofika kwenye kipengele cha kumpamba bibi harusi, mama mmoja wa kamati akasema kwamba siku hizi wakwe huuliza bibi harusi amepakwa nini. Akataja vipodozi vya chapa moja ya ng'ambo, na saluni moja ya Kinondoni inayovitumia. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayevipaka. Mimi nami sikuuliza. Niliogopa kuonekana mama wa Temeke aliyempeleka mwanawe kwa watu na uso wa makopo ya Kariakoo.

Bei ilikuwa shilingi 350,000 kwa siku mbili, yaani send-off na harusi, na kopo moja la faundesheni tungepewa liwe la binti. Nililipa advansi nikiwa nimejaa fahari. Mdogo wangu hakuulizwa. Niliwaambia wenzangu kwamba nisingependa kumchosha, kwa kuwa ni mama mdogo wa bibi harusi na siku hiyo anapaswa kukaa kama mgeni wa heshima. Ilikuwa sababu nzuri sana, na haikuwa ya kweli.

Send-off ilifanyika Ijumaa moja ya mwezi Desemba. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa Desemba ni nini. Jua huwaka, na hewa hubeba maji kama kitambaa kilichokamuliwa nusu. Nilimsindikiza binti Kinondoni tangu saa sita mchana. Saluni ilikuwa nzuri kwa kweli: kiyoyozi, vioo, taa nyeupe, na makopo meusi yamepangwa kama vitabu vya maktaba. Mwenye saluni alitupokea kwa bashasha, kisha akamkabidhi bibi harusi kwa msichana mmoja wa kazi, kwa sababu siku hiyo walikuwa na maharusi watano. Msichana yule hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na haraka tu. Alichukua faundesheni yenye namba ya weupe zaidi kuliko rangi ya mwanangu, na nilipomtazama akanijibu kwamba bibi harusi lazima ang'ae. Akapaka tabaka zito, akamwaga poda juu yake, akachora nyusi, akabandika kope. Shingo hakuigusa. Chini ya taa zile nyeupe kila kitu kilionekana sawasawa, nami nikatoa simu nikapiga picha.

Tulirudi Temeke kwa Barabara ya Kawawa, foleni haisogei, gari limewashwa kiyoyozi kisichofanya kazi. Tulipofika ukumbini saa mbili usiku, binti yangu aliposimama kwenye taa, niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Uso wake ulikuwa wa kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu, na shingo yake ilikuwa ya maji ya kunde kama alivyozaliwa. Kila mpiga picha alipowasha mwanga wa kamera, uso ulirudisha weupe kama sahani. Baina ya uso na shingo palikuwa na mpaka ambao hata mtoto wa chekechea angeweza kuupitishia penseli.

Watu walicheza, walikula, walitoa zawadi. Watu wetu wana adabu. Lakini shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, mama mzee aliyesafiri kutoka Lindi kwa ajili ya siku hiyo, alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, nilikuja nimwone kaka yangu kwenye sura ya huyu mtoto. Sijamwona."

Maneno hayo yalinikata. Binti yangu amefanana na baba yake mno. Hata kidoa cheusi juu ya shavu la kushoto anacho kama baba yake alivyokuwa nacho. Msichana wa saluni alikifukia kidoa kile kama anafukia tundu la ukuta. Na usiku ule, tukiwa tunamvua kope, binti mwenyewe aliangalia picha kwenye simu yangu, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama, mimi nataka Mama Mdogo." Hakuongeza neno.

Mdogo wangu alikuwapo ukumbini. Alikaa meza ya tatu, amevaa sare ya familia, na hakusema chochote. Jumapili asubuhi nilikwenda Tandika. Nilimkuta anafua taulo za saluni uani. Nilikaa kwenye kigoda nikazunguka maneno, nikauliza habari za watoto, nikauliza bei ya mkaa. Aliniacha nizunguke mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Dada, ulipokuwa unatafuta mpambaji, uliuliza watu wangapi?"

Nikamjibu, "Wengi."

"Mimi nilikuwa wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Alikamua taulo, akaianika, akasema, "Mlete Jumanne saa nne asubuhi. Uso mtupu, asipake kitu. Na lile kopo mlilopewa, lije nalo."

Jumanne hiyo nilijifunza kazi ambayo mdogo wangu ameifanya kwa zaidi ya miaka 20 bila mimi kuiona. Kwanza hakumweka binti mbele ya kioo. Alimtoa uani, kwenye mwanga wa jua, chini ya mwembe, akamgeuza kushoto na kulia. Akanieleza kwamba chini ya rangi ya ngozi kuna rangi nyingine. Watu wawili wanaweza kuwa wa maji ya kunde sawasawa, lakini mmoja chini yake ana unjano na mwingine ana wekundu, na ukimpaka mmoja rangi ya mwenziwe atatoka kama mgonjwa. Binti yangu ana wekundu, tena paji lake la uso ni jeusi kidogo kuliko mashavu, kwa hiyo namba moja ya faundesheni haimtoshi hata iwe imetoka wapi.

Alifungua kopo la ng'ambo, akalinusa, akalipaka kidogo nyuma ya mkono wake, akatoa neno ambalo sikulitegemea. "Hiki ni kitu kizuri," alisema. "Laini, hakina mafuta mengi, kitakaa. Hakina kosa. Ila hakuna aliyemtazama mtoto kabla ya kukifungua." Akachukua kopo jingine, la Kariakoo, la shilingi 6,000, lenye rangi nzito ya kahawia, akachanganya vyote viwili kwenye kisahani. Akapaka mstari mmoja kwenye taya la binti mpaka shingoni, na mstari wa pili kando yake wenye kipimo tofauti. Kisha akatuambia tukae tunywe chai. Nilimuuliza tunasubiri nini. Akasema vipodozi vingi hubadilika rangi vikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi, kwa hiyo rangi ya dakika ya kwanza si ya kuaminiwa. Baada ya nusu saa mstari mmoja ulikuwa unaonekana na mwingine umepotea kabisa. "Huo uliopotea," akasema, "ndio wenyewe."

Akanieleza pia habari ya mwanga wa kamera. Zipo poda, hasa zenye chembe za kukinga jua, ambazo machoni hazina tatizo lakini hurudisha mwanga wa kamera ukatoka weupe kwenye picha. Ndiyo maana yeye humpiga mteja picha kwanza, chumbani, taa zimezimwa, mwanga wa simu umewashwa. Chini ya macho alipaka rangi ya chungwa iliyofifia kabla ya kitu kingine chochote. Nilicheka nikidhani anatania, mpaka weusi wa uchovu ulipozimika mbele yangu bila kugeuka majivu.

Baada ya siku zile nilipata hamu ya kusoma, kama ilivyo desturi ya walimu waliostaafu, na nikakutana na habari za Iman. Huyu ni binti wa Mogadishu ambaye mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alionwa na mpiga picha Peter Beard, na baadaye akawa mwanamitindo mkubwa mjini New York. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba katika kazi yake ya kwanza kule, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kisha akampaka alichokuwa nacho, na Iman alipojitazama akajiona wa kijivu. Nilipofika kwenye neno hilo niliweka kitabu chini. Kijivu kilekile cha ukumbi wetu wa Temeke kilikuwa kimempata msichana wa Kisomali huko Marekani, kwenye mji wenye kila chapa ya dunia! Tangu siku ile alichanganya rangi zake mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vyenye jina lake.

Tena hakuwa peke yake. Eunice Johnson wa Chicago aliwaona wanamitindo wake weusi wakichanganya faundesheni kwa mikono yao wapate rangi inayowafaa, na mwaka 1973 ikazaliwa Fashion Fair. Chapa ya MAC ilianzishwa Toronto mwaka 1984, na mmoja wa waanzilishi wake wawili, Frank Toskan, alikuwa mpambaji na mpiga picha ambaye hakuridhika na vipodozi vilivyokuwapo. Ilipofika mwaka 2017, Rihanna alitoa Fenty Beauty yenye namba 40 za faundesheni kwa mpigo mmoja, na kampuni nyingine zikaanza kuongeza rangi zao. Nawaza kwamba makopo haya tunayoyaheshimu yalitokana na mtu aliyekaa na kisahani, akichanganya, kwa sababu alimtazama mwenzake na kuona rangi iliyopo haimfai. Alichokuwa akifanya mdogo wangu chini ya mwembe wa Tandika ndicho kilichozaa chapa hizo.

Lakini nisije nikatoka kwenye kosa moja nikaingia kwenye la pili. Wapo watakaosoma haya wakasema basi, mkono ndio kila kitu, chochote kitafaa. Nilimwambia mdogo wangu maneno ya namna hiyo, akanikatiza. Miaka kadhaa iliyopita alinunua faundesheni iliyoandikwa jina kubwa kwa bei ndogo. Ilikuwa ya bandia. Mteja wake, bibi harusi wa Mbagala, aliamka siku ya pili uso umevimba na macho hayafunguki. Mdogo wangu alimrudishia fedha zote, akamlipia hospitali, na kwa miezi miwili hakumpamba mtu. "Dada," aliniambia, "mkono wangu siku ile ulikuwa huuhuu. Mkono hauwezi kuigeuza sumu."

Kwa hiyo kopo nalo lina haki yake. Chapa ya kweli hukuhakikishia kilichomo ndani, na hukupa kitu kilekile leo na mwakani. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, vitu ambavyo wauza mkorogo huvitumia kuchubua ngozi, na zebaki huharibu figo. Kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya TFDA chini ya sheria ya mwaka 2003, na tangu 2019 iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Mdogo wangu hanunui tena bila kusoma maandishi ya kopo, tarehe na mahali kilipotengenezwa, na kila kipya hukijaribu kwanza nyuma ya sikio la mteja, siku kadhaa kabla ya shughuli. Anazo brashi seti mbili ili moja ikauke baada ya kuoshwa nyingine ikitumika. Mambo haya nayo ni ufundi. Fundi anajua kupaka, na anajua pia cha kukataa.

Siku ya harusi ilipita kama zipitavyo siku njema, haraka. Mdogo wangu alianza saa tatu asubuhi, feni imeelekezwa usoni mwa binti. Alipaka tabaka jembamba, akakausha jasho kwa karatasi laini, akasubiri, akapaka jingine. Shingo, masikio na mabega vilipata sehemu yao. Alipofika kwenye kidoa cha shavu la kushoto alisimamisha brashi, akakizunguka, akakiacha. Saa tatu usiku, ukumbini, kidoa kilikuwa pale pale na uso ulikuwa wa mwanangu. Shangazi yake alisogea, akamshika kidevu, akamtazama muda mrefu, akaanza kulia. Hakusema kitu, wala sikumuuliza.

Ilibaki hesabu. Jumatatu nilikwenda Tandika na doti ya kanga kama asante. Mdogo wangu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema, "Na shilingi 80,000, dada. Ndiyo bei yangu, ndiyo wanayonilipa watu wote." Nilishtuka, na mshtuko wangu ndio ulionifundisha zaidi ya yote. Kinondoni nilitoa 350,000 bila kubisha. Hapa nilikuwa nimekuja na kanga. Nilikuwa nimemwacha tangu mwanzo, si kwa sababu ya makopo yake tu, bali kwa sababu niliamini kwamba kitu ninachoweza kukipata bure kwa mdogo wangu hakiwezi kuwa na thamani mbele za wakwe. Nilihesabu noti, nikampa. Alizihesabu tena mbele yangu, kama anavyofanya kwa kila mteja.

Kwako wewe mzazi uliye na daftari la kamati mezani, sina amri, nina ushauri wa aliyekwisha kosea. Usianze kwa kuuliza vinatumika vipodozi gani. Uliza ni nani hasa atakayeshika brashi siku hiyo, na umwone akifanya kazi. Mwombe ampake binti siku chache kabla, mchana, nje, mpaka shingoni, kisha mkae nusu saa mnywe chai na mpige picha kwa mwanga wa kamera. Muulize makopo yake ameyanunua wapi, na kama atachukia swali hilo, aga uondoke. Ukipata mkono mzuri na kopo la kweli kwa pamoja, mshukuru Mungu. Ukilazimika kutanguliza kimoja, kwanza hakikisha kopo halina madhara, kisha fedha iliyobaki uipeleke kwenye mkono.

Na kabla ya kutoka nje ya mtaa wako kutafuta, tazama nani nyumbani alikuwa akishika taa.